Kandambili ya Kushoto

Simu niliizima mwenyewe, haikungoja kukosa mtandao.
Ilikuwa Haima, kwenye pampu ya mwisho ya kuaminika.
Kijana mwenye beji ya Shafiqul alinijazia tangi na madumu mawili,
akachungulia kiti cha mbele, kisha cha nyuma,
akauliza kwa Kiarabu cha pampuni:
wengine wako wapi?

Wako njiani, nikamwambia.
Nikalipa riyali thelathini na baisa mia mbili
pamoja na uongo huo.

Siku tano kwa wiki mimi ni sauti.
Kampuni ya umeme, Ghaniya hapa, nikusaidie nini?
Watu wananipigia kutoka gizani:
kiyoyozi kimekata, mtoto analia,
nguru wa harusi anaoza ndani ya friza.
Nami nawapa nambari ya malalamiko,
nawaambia mafundi wako njiani.

Kupita Muqshin nilitoa upepo matairini,
nusu hivi, kama alegezaye mkanda baada ya biriani.
Nikaacha lami.
Nikaacha nguzo ya mwisho ya waya
imesimama kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Hema lilinishinda. Upepo ulilitaka zaidi yangu.
Nikatandika nje mkeka wa mama,
wa ukindu, kutoka Wete,
ambao tangu matanga yake haukufunguliwa kamba.
Ulipokunjuka ulitoa harufu ya sanduku
na punje moja ya karafuu.

Kimya cha usiku wa kwanza kiliniuma masikio.
Nilisikia damu ikipita shingoni
ikinguruma kama friji ya jirani.
Siku ya pili sikutamka neno,
isipokuwa yale ya sala, na hayo kwa midomo tu.
Nilichemsha chai. Nikaila mikate ya mofa na vumbi lake.
Nikautazama mchanga ukibadilika rangi,
na sikumwita mtu: hebu njoo uone.

Alfajiri ya tatu nikakuta nyayo ndogo
zimezunguka mkeka mara mbili, kwa adabu,
kama za mtu asiyeuona mlango wa kubisha hodi.
Kandambili ya kulia ipo.
Ya kushoto haipo.

Mwanahizaya we!

Nikashtuka. Nikageuka nyuma.
Haikuwa sauti ya kazini.
Ilikuwa imepanda juu mwishoni,
palepale alipoipandisha yeye
paka alipoingia jikoni kwake.
Nyumbani kwetu neno hilo halina wa kuliitikia sasa;
wadogo zangu hutukana kwa Kiarabu,
watoto wao kwa Kiingereza.

Nikamfuata mbweha, mguu mmoja peku,
mchanga ungali baridi kama sakafu ya msikiti.
Hayawani we! Miguu minne, kandambili moja,
utavaa wapi?
Ungebeba zote mbili ningekuita mwizi.
Umebeba moja: juha!

Nyayo zikafika kwenye changarawe, zikafutika.
Matusi nayo yakaisha.
Lakini mdomo ulikwisha funguka,
ukaendelea wenyewe, nimekaa chini napangusa unyayo:
upawa. Kawa. Kumbi la nazi.
Mbuzi, ile ya kukunia, yenye jino lililopinda.
Kata ya maji. Kitale.
Sijisikii vizuri mwanangu, nifunikie hapo miguuni.

Jangwa halikuniambia nirudie.
Halikuomba nambari ya malalamiko.

Nikalia kidogo, si sana, jua lilikuwa limeanza kuchoma.

Nikarudi siku iyo hiyo.
Gari ni otomatiki; mguu wa kushoto hauna kazi,
ulikaa tu, peku, juu ya zulia lenye mchanga.
Haima, pampu ileile.
Shafiqul akanitazama miguu,
akatazama kiti cha mbele, kisha cha nyuma.

Wenzio hawakufika?

Nikamwambia: alikuja mmoja.